Mwakilishi Akirudi Nyumbani: Utangulizi

Jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, lina kaunti 99. Nyingi zina umbo la mraba, zimepangwa safu kwa safu kwenye ramani, na kila moja ina mji mkuu wake wenye jengo la mahakama. Kaunti ya Lee, kwenye pembe ya kusini mashariki kando ya Mto Mississippi, ina miji mikuu miwili, Fort Madison na Keokuk. Chuck Grassley, mkulima aliyezaliwa mwaka 1933, aliingia Seneti ya Marekani Januari 1981 kuliwakilisha jimbo hilo. Tangu mwaka huo amejiwekea utaratibu wa kufika katika kila kaunti, kila mwaka, na kufanya walau mkutano mmoja wa maswali na majibu. Mkutano wenyewe unaweza kuwa katika ukumbi wa shule, kwenye kiwanda wakati wa mapumziko ya wafanyakazi, hospitalini au mahakamani. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba mgombea urais anayekwenda Iowa na kuzimaliza kaunti zote 99 husemwa amepiga "Grassley nzima".

Kwa nini afanye hivyo? Hakuna sheria inayomlazimisha. Mwaka 2022 alichaguliwa kwa kipindi cha nane, na katika chaguzi nyingi kati ya hizo hakuwa na mpinzani wa kumnyima usingizi. Kaunti ya Adams ina watu wasiofika 4,000, watoto wakiwemo. Hata wangemkataa wote, matokeo ya jimbo yasingetikisika. Nauli, muda, umri na uchovu vyote vinamwambia abaki Washington, na bado anakwenda.

Fani ninayokukaribisha ndani yake inaanzia kwenye swali hilo. Ni tawi la sayansi ya siasa linalomchunguza mwakilishi akiwa nje ya bunge, kwa watu waliomtuma. Nitatumia neno jimbo kwa maana ya Marekani, yaani mojawapo ya yale majimbo 50. Eneo la mbunge mmoja, kama tulivyozoea Tanzania na Kenya, nitaliita jimbo la uchaguzi.

Kwa muda mrefu wanazuoni walimtazama mbunge akiwa bungeni tu, na sababu ni nyepesi: ndiko kuliko na karatasi. Kura zimehesabiwa, hotuba zimechapishwa, kamati zina makarani. Mtafiti anaweza kukaa maktaba miaka mitatu akatoka na shahada bila kumwona mbunge hata mmoja. Lakini mbunge akiwa msibani kijijini, au akitembea kwenye gwaride la Julai 4 katika mji mdogo wa Iowa, hakuna karani anayeandika. Kazi hiyo ikaonekana ni porojo za kampeni, kitu cha waandishi wa habari.

Aliyeupindua mtazamo huo ni Richard Fenno wa Chuo Kikuu cha Rochester, New York. Hakuwa mgeni wa bunge. Alikuwa ameandika vitabu viwili vizito kuhusu kamati za Bunge la Marekani, na katika kamati hakuna aliyemzidi. Kati ya 1970 na 1977 alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakuliona kama utafiti: alifuatana na wabunge 18 wa Baraza la Wawakilishi katika maeneo yao. Alipanda nao magari, akasimama nyuma ya kumbi, akala chakula cha hisani cha makanisa, akasikiliza. Hakubeba dodoso. Mwaka 1978 akachapisha kitabu chake, Home Style. Ukisoma kitabu kimoja tu cha fani hii, kiwe hicho, na usikiweke chini kabla ya kusoma kiambatisho cha mwisho, ambamo Fenno anaeleza jinsi alivyofanya kazi: namna ya kuzoeleka bila kugeuka mpambe, lini uulize na lini unyamaze, na nini hutokea mtafiti anapoanza kumpenda mtu anayemchunguza. Kwa maoni yangu kurasa hizo zina faida kwa mwanafunzi kuliko vitabu vingi vya mbinu za utafiti, maana zinakubali kwamba mtafiti naye ni mtu.

Fenno aligundua nini? Kwanza, kwamba mbunge hana "wananchi" kwa ujumla. Anapotazama eneo lake anaona duara ndani ya duara. Duara la nje kabisa ni eneo lote kama sheria ilivyolichora: barabara, mashamba, viwanda, watu wote. Ndani yake wamo wale anaodhani humpigia kura. Ndani zaidi wapo wakereketwa, watu watakaosimama naye hata chama kikimkataa, wanaobandika picha zake bila kulipwa. Na katikati kabisa kuna wandani wachache, wale anaowapigia simu usiku. Kila duara huzungumzwa nalo kwa namna yake, na mbunge huyohuyo anaweza kuwa mkavu katika duara moja na mcheshi katika jingine. Kwa hiyo ukisikia mbunge anasema "watu wangu wanataka hivi", swali la kwanza la fani hii ni: watu wa duara lipi?

Pili, Fenno alipanga kazi ya nyumbani katika mambo matatu: jinsi mwakilishi anavyogawa muda na watumishi wake kati ya nyumbani na mji mkuu, jinsi anavyojionyesha mbele ya watu, na jinsi anavyoeleza aliyoyafanya bungeni. Katika hilo la kwanza alikuta jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Ungedhani mbunge mwenye kiti kinachoyumba ndiye atakayerudi nyumbani mara nyingi. Haikuwa hivyo. Umbali, na mahali familia ya mbunge ilipokaa, vilieleza safari zake kuliko hofu ya kushindwa. Mwenye mke na watoto nyumbani alirudi. Aliyewahamishia Washington alirudi mara chache. Nalipenda tokeo hili kwa sababu linatukumbusha kwamba si kila tendo la mwanasiasa ni hesabu ya kura.

Katika lile la pili Fenno aliazima kwa Erving Goffman, mwanasosholojia aliyewachunguza watu wa kawaida wanavyojipanga mbele ya wenzao. Mwakilishi naye hujipanga. Anataka watu waamini mambo matatu: kwamba anaiweza kazi, kwamba ni mmoja wao, na kwamba shida zao zinamgusa. Kiatu chenye matope cha mkulima aliye seneta ni sehemu ya hoja, sawasawa na takwimu zake za bajeti. Sisi tuliowaona waheshimiwa wakivua koti na kushika jembe mbele ya kamera tunajua mchezo huo, na tunajua pia kwamba kuna wanaolima kweli. Kazi ya mtafiti si kucheka. Ni kuuliza nani kati ya watazamaji aliamini, na kwa nini.

Lakini moyo wa kitabu ni jambo la tatu. Fenno alishikilia kwamba mwakilishi haendi nyumbani kutafuta kura tu. Anatafuta imani, na imani hiyo ikikusanywa miaka mingi humpa nafasi ya kupumua bungeni. Mtu anayeaminiwa anaweza kupiga kura isiyopendwa, akarudi, akaeleza, na watu wakasema: hatukubaliani nawe, lakini tunakujua. Asiyeaminiwa hana nafasi hiyo; kila kura yake huchukuliwa kuwa usaliti. Kwa hesabu hiyo safari ya kwenda kaunti ya Adams ina maana. Kura za Adams ni chache, lakini habari kwamba seneta hufika hata Adams inazagaa jimbo zima, nayo humpa uhuru kidogo atakaporudi Washington.

Wazo hili linatusaidia kumsoma upya mtu anayetajwa katika kila darasa la uwakilishi. Mwaka 1774 Edmund Burke, baada ya kuchaguliwa katika mji wa Bristol, Uingereza, aliwaambia wapigakura wake kwamba mwakilishi anawajibika kwao kwa akili yake na uamuzi wake, wala si kutii tu wanachotaka. Hotuba hiyo husomwa kila mahali. Mimi ningependa wanafunzi wasome pia ile aliyoitoa Bristol mwaka 1780, alipokuwa akikaribia kukataliwa. Alikuwa akijitetea dhidi ya malalamiko kadhaa, likiwemo la kuunga mkono biashara ya Waayalandi na nafuu kwa Wakatoliki, mambo ambayo historia imempa haki. Lakini lalamiko la kwanza alilolijibu lilikuwa kwamba hakuonekana Bristol vya kutosha. Alijieleza kwa ufasaha mkubwa, kisha akajitoa, na akapata kiti kingine kwa hisani ya mkubwa mmoja wa siasa. Burke alitaka uhuru wa kuamua bila kulipa nauli ya kwenda Bristol. Fenno angemwambia kwamba vitu hivyo viwili huuzwa pamoja.

Historia ya safari zenyewe nitaipita haraka. Marekani ya karne ya 19 haikuwa na maseneta waliochaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo, mpaka Badiliko la 17 la Katiba lilipopitishwa mwaka 1913. Hata hivyo mwaka 1858 Abraham Lincoln na Stephen Douglas walizunguka Illinois na kujadiliana hadharani katika miji saba, kuanzia Ottawa mwezi Agosti hadi Alton mwezi Oktoba, wakati wasikilizaji wao hawakuwa na kura ya moja kwa moja ya kumchagua yeyote kati yao. Bunge la Illinois likamchagua Douglas. Baadaye zilikuja treni zenye jukwaa, gari, redio, ndege ndogo, na likizo ya Agosti ambayo sheria ya mwaka 1970 iliiweka katika ratiba ya Bunge la Marekani. Wapo waliotembea kwa miguu: mwaka 1970 Lawton Chiles alitembea zaidi ya maili 1,000 kuikata Florida tangu kaskazini hadi Key West, akitafuta useneta, na akaupata. Na yupo aliyezunguka bila kuupata. Beto O'Rourke alifika katika kaunti zote 254 za Texas kabla ya uchaguzi wa 2018, akashindwa na Ted Cruz. Idadi ya kaunti pekee haituelezi kitu.

Ukubwa wa jimbo, hata hivyo, unatueleza mengi. Kila jimbo lina maseneta wawili, liwe Wyoming lenye watu wasiofika 600,000 au California yenye karibu milioni 40. Mwaka 1999 Frances Lee na Bruce Oppenheimer walichapisha Sizing Up the Senate, kitabu kinachofuata matokeo ya mgawanyo huo hadi mwisho wake. Katika majimbo yenye watu wachache, raia wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa wamekutana na seneta wao ana kwa ana, na huwa wanamridhia zaidi. Katika majimbo makubwa seneta huonekana kwenye televisheni, na televisheni hudai fedha, na fedha hudai wafadhili. Kwa hiyo seneta wa California anayetaka kuzunguka kama wa Iowa hakosi nia. Amekosa siku katika mwaka. Ron Wyden wa Oregon, jimbo lenye kaunti 36, ameweza kufanya mikutano ya wazi zaidi ya 1,000 tangu aingie Seneti mwaka 1996. Ichore Oregon juu ya Texas uone kwa nini sifa yake haiwezi kugeuzwa kuwa lawama kwa wengine.

Sasa nikurudishe Iowa, kwa siku moja ambayo fani hii bado haijamaliza kuijadili. Agosti 2009 Rais Barack Obama alikuwa akisukuma sheria ya bima ya afya. Grassley, wa chama cha Republican, alikuwa mmoja wa maseneta sita, watatu wa kila upande, waliokuwa wakitafuta mwafaka ndani ya Kamati ya Fedha ya Seneti. Likizo ikaja, naye akarudi nyumbani kwenye mzunguko wake kama kila mwaka. Tarehe 12 Agosti alikuwa na mikutano Winterset, Adel na kwingineko. Adel watu walifurika hadi mkutano ukahamishiwa bustanini. Wengine walikuja na hasira dhidi ya serikali, wengine na hadithi za wagonjwa wao wasio na bima. Winterset aliwaambia watu kwamba wana haki ya kuogopa serikali itakayoamua lini mzee aachwe afe. Baada ya likizo mazungumzo ya wale sita hayakufika popote, na mkesha wa Krismasi Seneti ikaupitisha muswada bila kura hata moja ya Republican.

Je, mikutano ile ilimbadilisha seneta? Msomaji mwenye haraka atajibu ndiyo: alisikia watu wake, akatii. Mwenye kushuku atasema alishakata shauri, na mikutano ikampa sababu ya kusema hadharani. Ipo njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoiamini zaidi, ingawa sina ushahidi wa kuifunga hoja: seneta alipima urefu wa kamba aliyopewa na imani ya miaka 28, akaona haifiki mahali mwafaka ulipokuwa. Ili kuchagua kati ya njia hizi, ripoti ya gazeti haitoshi. Ungehitaji kujua nani alikuwa bustanini Adel siku ile na alifikaje, nani wa Iowa hakuwapo, na seneta aliwasikia wangapi kabla ya kupanda jukwaani.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote ya fani yetu. Anayekuja mkutanoni si mfano wa haki wa asiyekuja. David Broockman na Christopher Skovron, katika makala yao ya mwaka 2018, walionyesha kwamba wanasiasa wa majimbo ya Marekani, wa vyama vyote viwili, waliwadhania wapigakura wao kuwa wahafidhina kuliko walivyo kweli, na kosa lilikuwa kubwa zaidi kwa wanasiasa wa Republican. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba wahafidhina ndio waliokuwa wakiwatafuta zaidi wawakilishi wao. Maana yake ni nzito: mtu anaweza kusafiri sana, kusikiliza kwa moyo safi, na kurudi bungeni akiwa amepotoshwa na haohao aliowasikiliza. Grassley mwenyewe amelaumiwa na wakosoaji kwamba mikutano yake ya wazi hufanyika zaidi katika kaunti ndogo za mashambani kuliko kwenye kaunti zenye watu wengi, kama Polk lilipo jiji la Des Moines. Kwa hiyo nikisikia hesabu ya kaunti 99 ninaipa heshima yake, kisha nauliza ni nani aliyekuwa ndani ya ukumbi.

Watafiti wamelijibu tatizo hili kwa njia mbalimbali, na baadhi ni za kusisimua. Fenno mwenyewe katika Going Home, mwaka 2003, alirudi kwenye madaftari yake ya safari na wabunge weusi, akiwemo Louis Stokes wa Cleveland na Barbara Jordan wa Houston, na akaonyesha kwamba kwa watu waliokuwa wamefungiwa mlango wa siasa, kumwona mwakilishi wao mtaani ni tendo la uwakilishi lenyewe, hata kabla hajasema neno. Katherine Cramer alifanya kinyume: kuanzia mwaka 2007 alizunguka Wisconsin bila mwanasiasa yeyote, akikaa na vikundi vya watu wanaokunywa kahawa asubuhi kwenye vituo vya mafuta na migahawa. Alikuta kinyongo cha mashamba dhidi ya miji kilichokomaa, kwamba miji ya Madison na Milwaukee inachukua fedha, madaraka na heshima. Kitabu chake cha 2016 kinapaswa kusomwa kando ya Home Style. Kimoja kimeketi na mwenye kuzungumza, kingine na wanaoambiwa. Nao Michael Neblo na wenzake walijaribu kukusanya watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawakutanisha kwa intaneti na wabunge 12 mwaka 2006 kujadili suala la wahamiaji. Waliohudhuria walijifunza, na wakamwamini mbunge zaidi. Jaribio hilo lina faida kwa sababu ukumbi haukujazwa na wenye sauti kubwa peke yao.

Lipo jambo jingine ambalo mwanafunzi hana budi kulijua kabla ya kuanza kazi ya uwandani. Kukutana na watu kumekuwa na gharama ya damu. Tarehe 8 Januari 2011 Mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akiwapokea wapigakura nje ya duka karibu na Tucson, Arizona, mtu alipofyatua risasi. Watu sita walikufa, na yeye akaponea chupuchupu kwa jeraha la kichwa. Uingereza, Jo Cox aliuawa Juni 2016 akielekea kuonana na wapigakura wake, na David Amess akauawa Oktoba 2021 akiwa katikati ya kazi hiyohiyo, ndani ya kanisa. Baada ya matukio hayo ulinzi uliongezeka na baadhi ya mikutano ikahamia kwenye simu. Mikutano ya simu ina usalama, na ina faida nyingine ambayo mwanasiasa haitaji: mtumishi wake ndiye anayechagua swali lipi lipite. Mwaka 2025 viongozi wa Republican waliwashauri wabunge wao waepuke mikutano ya ana kwa ana kutokana na zogo. Grassley aliendelea, na mwezi Aprili huko Fort Madison alizomewa.

Huenda msomaji wa Mombasa au Mbeya amekuwa akijiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia ya moja kwa moja kuliko anavyodhani. Moja ya zile kaunti 99 ni Johnson, lilipo jiji la Iowa City na Chuo Kikuu cha Iowa. Huko, mwaka 1976, ndiko lilikoanzishwa jarida la Legislative Studies Quarterly, ambalo wengi wetu tulijifunzia fani hii. Na hukohuko alifundisha kwa miongo mingi Joel Barkan, mmoja wa wanazuoni waliolichunguza bunge la Kenya kwa kina. Yeye na wenzake, Chong Lim Kim, Ilter Turan na Malcolm Jewell, walitoa mwaka 1984 The Legislative Connection, kitabu kinacholinganisha Kenya, Korea Kusini na Uturuki. Walichokikuta Kenya mzee yeyote wa kijiji angeweza kuwaambia: wananchi walimpima mbunge kwa alichokileta, shule, zahanati na maji ya harambee, na si kwa sheria alizochangia. Katika chaguzi za 1969, 1974 na 1979 wabunge wengi mno walipoteza viti, karibu nusu au zaidi, wakati Marekani anayetetea kiti cha Baraza la Wawakilishi kwa kawaida hushinda mara tisa kati ya kumi. Kwa hiyo wapigakura wa Kenya, chini ya chama kimoja, walikuwa wakali kwa mbunge asiyeonekana kuliko wapigakura wa Iowa.

Tanzania nayo ina kisa ambacho ningependa mtu akiandikie kitabu kipya. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa karibu kila jimbo la uchaguzi walizungushwa pamoja na chama hicho, TANU, jukwaa moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamtaka yeye. Lionel Cliffe na wenzake walikusanya uchunguzi wa uchaguzi huo katika kitabu cha mwaka 1967. Lincoln na Douglas walipanda jukwaa moja kwa hiari yao. Kwetu chama kiliamuru. Tofauti hiyo ilibadilisha vipi maswali ya wananchi? Walioshuhudia wanazeeka.

Tangu wakati huo fedha zimeingia katikati. Kenya ilianzisha mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi mwaka 2003, Tanzania ikafuata kwa sheria ya mwaka 2009. Seneta wa Iowa akifika mahali hana mfuko wa namna hiyo mkononi; ofisi yake inaweza kufuatilia pensheni iliyokwama, madai ya askari mstaafu au pasipoti iliyochelewa, na Morris Fiorina alishasema tangu 1977 kwamba huduma hiyo ni siri mojawapo ya kurudi bungeni. Lakini mbunge wetu hufika akiwa na saruji, mabati na basari, na watu wanajua. Mazungumzo hugeuka kuwa maombi, na kura aliyopiga bungeni kuhusu kodi haiulizwi. Mimi naona mifuko hii imeipunguzia thamani ziara ya mbunge kuliko ilivyoiongezea, na najua wenzangu wengi wanapinga. Shule zipo, watasema, nenda ukahesabu madarasa.

Maswali yaliyo wazi ni mengi na yako karibu nasi. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, ina maseneta na wawakilishi wa wanawake ambao eneo lao ni kaunti nzima, kati ya 47. Mwakilishi wa Turkana na wa Nairobi wana cheo kimoja, lakini kila mmoja anaizunguka kaunti yake vipi, na hoja ya Lee na Oppenheimer inasimama huko au inaanguka? Tanzania ina wabunge wa viti maalumu, wasio na jimbo la uchaguzi. Wakifunga mikoba Dodoma, hurudi kwa nani, na duara lao la wakereketwa liko katika chama au mtaani? Wananchi wetu walioko Oman au Marekani hutembelewa na wanasiasa wa nyumbani. Ni ziara ya aina gani hiyo, mwakilishi anapowafuata watu nje ya nchi yake?

Huhitaji ruzuku kuanza. Mbunge wako, diwani wako au seneta wako atakapotangaza ziara, nenda. Kaa nyuma. Andika waliokuja na waliowaleta, nani alishika kipaza sauti na kwa muda gani, wanawake walikaa wapi na waliuliza nini, ahadi ipi ilirudiwa kutoka mwaka jana, na swali lipi lilijibiwa kwa mzaha. Kisha mtafute jirani ambaye hakwenda umuulize kwa nini. Yaandike yote usiku huohuo, kabla hujasoma gazeti limesema nini.